Kubadilisha tairodi endi ya pikapu mwenyewe
Kaka, kama tairi la mbele linacheza ukilitikisa kushoto kulia na umeshaona tairodi endi (kile kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani, upande wa tairi) ndo imelegea, hiyo kazi unaiweza mwenyewe, ila tafadhali usiingie chini gari likiwa juu ya jeki tupu, weka stendi. Loknati, ile nati inayoibana endi kwenye fimbo, ilegeze kidogo tu, piga alama ilipokaa, afu ukiwa unafungua endi hesabu mizunguko ili mpya uirudishe hivohivo. Endi ikigoma kutoka kwenye mkono wa tairi usiitwange kwenye thredi (ncha yenye nyuzi za kufungia nati), ncha itatanuka ndo haitoki kabisa, we gonga nyundo ubavuni mwa tundu la huo mkono ilipokaa endi mpaka iachie. Pini inayozuia nati ya endi isifunguke weka mpya, tundu la pini lisipolingana na mkato wa nati ongeza kukaza nati, usiilegeze. Ukimaliza kapime alaimenti (mkao wa tairi) hata kama usukani umenyooka, tairi zisije zikalika upande.