Kamera haisomi stika: ukweli kuhusu bima ya gari kutoka kwa mtu aliyeshikwa akiwa nayo

Juzi kijana mmoja wa Moshi, maeneo ya Majengo, kanitumia meseji ndefu. Kanunua Noah kwa mtu wa Sakina hapa Arusha, stika ya bima bado ina miezi, na kwenye magrupu ya WhatsApp kasikia kuna kamera inapiga picha namba ya gari na hapohapo inajua kama una bima au huna. Anauliza, "Kaka shikamoo, hizi tochi za Usa River na Kikatiti zinaona bima? Na hii stika ya mwenye gari wa zamani inanilinda mimi?" Nikaanza kumjibu inbox, jibu likawa refu, na najua wengi mnaonisoma mna gari au mko njiani kuvuta gari, kwa hiyo nimeona niliweke hapa tufaidike wote.

Tochi tuimalize kwanza. Tochi inapima spidi basi, ya bima haiijui kabisa. Kamera anayoisikia huyu kijana ni ile ya kusoma namba za gari, na kule Uingereza imejaa, kwenye nguzo, kwenye madaraja ya barabara kuu, mpaka ndani ya gari za polisi. Mimi naijua vizuri kwa sababu nimeishi Leicester, nilikuwa nafanya kazi ghala usiku, na hiyo kamera ilinishika nikiwa na bima yangu halali niliyoilipia hela yangu mwenyewe. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Ilikuwa hivi. Nilinunua kigari changu cha kuendea kazini, nikapiga simu kampuni ya bima, dada wa upande wa pili akaniuliza namba, nikamtajia herufi moja moja. Kwenye namba kuna N. Nikarudia mara ya pili taratibu, akasema sawa nimeipata, hela ikakatwa, akaniambia kuanzia sasa uko kava, karatasi zinakuja kwa posta. Sawa. Jumapili jioni, karatasi hata hazijafika, natoka zangu ghala naona taa za bluu nyuma. Nasimama. Askari anakuja dirishani, na kabla sijafungua mdomo ananitajia aina ya gari na rangi yake, halafu ananiambia gari hii haina bima. Nikamwonyesha meseji ya benki kwamba hela imekatwa. Akasema hela anaiona, ila gari kwenye orodha haipo. Tukapiga simu kampuni, Jumapili hawapokei.

Sheria yao ya barabara ya 1988, kifungu cha 165A, inampa askari ruhusa ya kuichukua gari palepale. Ikaja brekidauni. Nikasimama kwenye mvua ile nyembamba ya kule, mkononi nina mfuko wa chakula tu, naangalia cheni inafungwa chini ya gari yangu, na watu wa basi lililosimama kituoni wote shingo nje wananitazama kama mwizi. Mtu ambaye sijawahi kula hela ya mtu. Kuitoa yadi ilikuwa pauni 150, na kila siku inayolala pale pauni 20 juu yake, ukichelewa sana wana haki ya kuiuza au kuisaga. Jumatatu ndo ikajulikana yule dada aliandika M badala ya N. Herufi moja! Nilichokuwa nimelipia ni bima ya gari ambayo sijawahi kuiona. Kampuni ilirekebisha na hela ya yadi wakarudisha baada ya kusumbuana sana, ila ile aibu ya barabarani hakuna aliyenirudishia.

Baada ya hapo nikakaa chini kuisoma hii kitu mpaka nikaielewa. Teknolojia yenyewe sio ya jana, ilitengenezwa kwenye maabara ya polisi wa Uingereza mwaka 1976. Kamera inamulika mwanga ambao jicho lako halioni, namba ya gari imetengenezwa kurudisha mwanga, kwa hiyo hata usiku wa manane ile plate inawaka kwenye picha na gari lenyewe linabaki giza. Programu inatafuta pale penye plate, inakata herufi moja moja, inazigeuza kuwa maandishi. Plate zao herufi O na sifuri zina umbo moja, kwa hiyo programu inaangalia imekaa nafasi ya ngapi ndo ijue ni ipi. Hapo sasa maandishi yale yanapelekwa kwenye orodha, gari za wizi, gari zinazotafutwa, na orodha ya bima inayoitwa MID, ambayo iko chini ya Motor Insurers' Bureau, chombo cha kampuni zote za bima za magari kilichoanzishwa 1946. Namba yako isipokuwemo, mashine kwenye gari ya polisi inalia. Yote hiyo ni sekunde tu, wewe bado unabadilisha gia.

Na dereva ambaye kweli hana bima anakula faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Halafu kuanzia 2011 hata kuendesha sio lazima, wanalinganisha tu orodha ya wenye magari na orodha ya bima, ukikutwa gari ni yako na haina bima wala hujatoa taarifa kwamba umeipaki nje ya barabara, barua inakufuata nyumbani.

Umeona kitu hapo? Kote huko hakuna aliyeangalia kioo. Stika ya bima kule hata haipo. Bima yako ni ule mstari ulioko kwenye kompyuta, namba, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Mstari ukiwa na makosa, wewe barabarani huna bima, hata uwe na risiti za kujaza gunia.

Ndo maana nawasisitiza watu wangu wa Arusha na Moshi, sisi bado tunaamini stika kupita kiasi. Mtu anakata bima ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga tu, anapewa karatasi anasema asante anasepa. Hapana! TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima nchini, wana mfumo wao, TIRA MIS, uko wazi kwenye intaneti, unaandika namba ya gari unaona kama bima ipo na inaisha lini. Trafiki ana simu kama yako, anaingiza namba anaona kilekile. Kwa hiyo kabla hujanyanyuka kwenye kiti cha ajenti, toa simu, ingiza namba, soma herufi kwa herufi, linganisha na kadi ya gari. T yako, tarakimu zako tatu, herufi zako tatu za mwisho. Haionekani? Usitoke. Akikwambia kesho itasoma, mwambie basi na hela utaipata kesho. Sio ukorofi, hela ni ya kwako.

Kuhusu stika ya mwenye gari wa zamani, mdogo wangu usiitegemee. Bima ni mkataba kati ya kampuni na yule bwana wa Sakina, wewe hawakujui. Trafiki anaweza kukupita vizuri kwa sababu namba inasoma, ila siku umegonga mtu pale Bomang'ombe ndo maswali yanaanza, gari ya nani, mlikubaliana lini, kwa nini hamkusema. Chukua mkataba wa mauziano, nenda kampuni iliyokata ile bima, wabadilishe jina au ukate mpya. Na kadi ubadilishe TRA, maana wengine mnatembea na kadi ya mtu miaka.

Plate nayo iangalie. Najua vumbi letu na matope yetu, magari ya safari yanarudi kutoka porini hata namba haionekani, na vijana wengine wanazikunja makusudi. Kule namba isiyosomeka ni kosa peke yake na faini inaweza kufika pauni 1,000. Hapa ifute tu, na ikififia badilisha. Ukiletewa deni la kosa la mji ambao gari lako halijawahi kufika, usilipe ukanyamaza, nenda polisi, inawezekana kuna mtu anatembea na namba kama yako.

Na ikitokea umesimamishwa na mfumo hauonyeshi bima wakati umelipa, usibishane na askari, hana anachoweza kurekebisha pale. Onyesha risiti, omba dakika, piga simu ofisi ya kampuni yenyewe waingize taarifa. Hiyo namba ya ofisi isevu leo, na usiishie kusevu ya ajenti peke yake, maana ajenti akishachukua kamisheni yake jumamosi jioni hapatikani.