Jina moja, magari matano: nilivyojifunza kuchagua gari la familia

Desemba moja, kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Soni, njia ya Lushoto, gari letu liligoma kupanda. Halikuzima. Nakanyaga mafuta, injini inalia, mwendo uko palepale, na nyuma yangu basi dogo linapiga honi. Ndani tulikuwa watu sita kwenye gari la watu watano, buti imejaa mchele na sukari ya bibi. Tukasogea pembeni, watoto wakashuka kuchungulia bonde. Baada ya nusu saa tukawasha, likaenda kama vile halikuwahi kuumwa.

Sitalitaja jina, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Shoga yangu mmoja alikuwa na gari la jina lilelile, kalisifu miaka na miaka. Nilipopata hela nikaenda yadi nikachukua la jina hilo, ila "la kisasa zaidi". La shoga yangu lilikuwa na giaboksi ya otomatiki ya kawaida, ya gia nne. Langu lilikuwa na CVT, ile isiyo na gia za kuhesabu, yenye mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazotanuka na kubana. Ukiibebesha mzigo, ukapanda mlima mrefu taratibu, mafuta yake yanapata moto, na kompyuta inapunguza nguvu makusudi ili giaboksi isiungue. Fundi alipomwaga yale mafuta yalitoka meusi kama kahawa. "Mama, hapa kuna mtu alitia haidroliki ya kawaida," akaniambia. "CVT ina ya kwake."

Kwa hiyo nilinunua jina. Wengi tunafanya hivyo, na madalali wanajua.

Chukua RAV4 ya Toyota. Watu wanasema "RAV4" kana kwamba ni gari moja, kumbe tangu 1994 barabarani kwetu yapo matano, na la sita limeshaonyeshwa 2025. Lile la pili, la kuanzia 2000, mengi yaliyotoka Japani yana injini ya D4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Taja D4 gereji yoyote ya Dar uone mafundi wanavyokunja uso: pampu yake ya presha ni ghali, na masizi hujaa kwenye njia za hewa. La tatu, la 2005, likaja na injini ya lita 2.4, tabia nyingine kabisa. Halafu kuna hili ambalo dalali hakuambii: toleo la nne, la 2012 hadi 2018, halikuuzwa Japani. Wajapani walibaki na la tatu mpaka 2016, wakaliruka la nne, wakaanza na la tano 2019. Mtu akikuonyesha RAV4 ya umbo la nne akakwambia "imetoka Japani, ya bibi mmoja tu", muulize imepitia wapi. Huenda ni ya Uingereza, huenda ni ya Singapore. Ya Uingereza mwambie fundi alale chini aangalie kutu, maana kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu.

Harrier ni hivyohivyo. Ile "tako la nyani" iliyoanza 2003 na ile iliyoanza Novemba 2013 hazina undugu zaidi ya jina. Ya zamani yenye injini ya 2.4 ina gia nne za kawaida. Iliyofuata, ya 2.0 isiyo na turbo, ni CVT. Ya pili imekaa kifahari zaidi, sikatai, lakini swali langu sasa huwa linaanzia kwenye giaboksi, viti vya ngozi baadaye.

Tulipouza lile la kwanza (kwa hasara, tuyaache hayo), nilikaa na baba watoto tukaandika kwenye daftari la shule tunachohitaji. Yeye aliandika "siti saba". Ni wazo la kila mzazi wa watoto watatu mwenye mama mkwe. Tukaenda yadi na watoto wote kuona Toyota Vanguard, ambayo kwa kweli ni RAV4 ya toleo la tatu iliyorefushwa, yenye siti tano au saba. Nikamwambia mwanangu mkubwa, wakati huo ana miaka kumi, akae siti ya nyuma kabisa. Magoti yalifika kidevuni. Siti ile ikisimamishwa, buti inabaki ya kuweka mkoba mmoja wa mtoto. Tukahesabu: kwa mwaka, ni mara ngapi tunasafiri watu saba? Mara mbili. Mara mbili hizo mtu na binamu yake wanaweza kupanda basi. Siti saba tukazifuta.

Kilichobaki kwenye daftari: lipande Lushoto likiwa limejaa, lipite njia ya udongo kwenda kijijini mvua ikinyesha, na lisiwe na CVT. Hilo la mwisho lilikuwa la kwangu, la hasira, na sisemi kila mtu alifuate. CVT iliyomwagwa mafuta yake halisi kwa wakati, kwa mtu wa Mbezi hadi Posta, inadumu vizuri tu.

Tukaishia kwenye Subaru Forester, ile ya umbo la 2008 hadi 2012. Hapa ndipo nilipojifunza somo kubwa kuliko yote: hata ndani ya toleo moja kuna magari mawili. Ukiitazama ya 2009 na ya 2011 zimefanana kama mapacha. Lakini Oktoba 2010 ile ya kawaida isiyo na turbo ilibadilishwa injini. Ya mwanzo ni EJ20, yenye mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila kilomita 100,000, na ukoo huo wa injini za EJ una sifa isiyopendeza ya gasketi za silinda hedi. Iliyofuata ni FB20, yenye cheni. Zote mbili zina gia nne za kawaida; CVT ililetwa na toleo lililofuata, mwishoni mwa 2012. Maana yake kuna dirisha la miaka miwili hivi lenye injini mpya na giaboksi ya zamani. Utalijua kwa namba ya chesesi: SH5 ni ya mwanzo, SHJ ni hiyo ninayosema.

Si kwamba FB20 haina lake. Zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwamba baadhi yake hula oili, kwa hiyo napima kijiti kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Langu limetulia. Na spea za Subaru huzipati Mombo. Za Toyota utazipata hata kwenye kibanda cha vocha. Kabla sijalipa nilimwuliza fundi wangu kama anaijua injini hiyo, na kama hajui, amtaje anayeijua. Alitaja mtu Ilala. Nikaenda kumwona huyo kwanza, gari bado liko Japani.

Halafu kodi. Tuliagiza 2019. Viwango vya wakati huo: gari lisilozidi miaka minane halikuwa na tozo ya uchakavu; la miaka minane hadi kumi liliongezewa ushuru wa asilimia 15; lililozidi kumi, asilimia 30. Injini iliyozidi cc 1,000 lakini isiyozidi 2,000 ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 5. Ikizidi hapo, 10. Sasa fikiria: Forester ya 2010 kule mnadani ilikuwa na bei ya chini kuliko ya 2012. Ukishapiga hesabu ya TRA, ule unafuu unayeyuka, na umebaki na gari kuukuu zaidi. Tukachukua ya 2012, cc 1,995. Ile Vanguard ya 2.4 ina cc 2,362, ingetuingiza kwenye fungu la juu. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao. Weka magari matatu unayoyapenda, kila moja kwa miaka miwili tofauti, kabla hujampenda yeyote. Ndugu zetu wa Kenya wamepunguziwa kazi, kwao gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa.

Ukinunua la hapahapa, jihadhari na lugha ya namba. "Dada, hii ni namba E, mpya kabisa." Herufi ya kibao inakwambia gari limesajiliwa lini Tanzania, haikwambii limetengenezwa lini. Nimeona gari la 2006 lina namba inayong'aa. Angalia mwaka kwenye kadi, kisha kwenye kibati cha chesesi, kisha hata kwenye lebo ya mikanda ya siti.

La Japani omba karatasi ya mnada, na omba ile ya Kijapani yenyewe, si tafsiri waliyoandika wauzaji. Daraja 4 au 4.5 ni zuri. Ukiona R au RA, limewahi kugongwa likatengenezwa. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi, maana kilomita hurudishwa nyuma, na mkono unaorudisha hauko Japani peke yake.

Kisha chini. Magari mengi ya juu tunayoyaona Dar yanavuta magurudumu ya mbele tu, yamesimama juu kama mbuni na hayana kitu nyuma. Fundi alale atazame kama kuna propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, na difu ya nyuma. Kwa RAV4 ya toleo la tatu namba ya chesesi inasema yenyewe: ACA31 inavuta kote, ACA36 ni mbele tu. Ila usije ukamwaibisha muuzaji wa haibridi: RAV4 na Harrier za haibridi zinazovuta kote hazina propela, nyuma kuna mota ya umeme inayojitegemea. Mimi nilishaanza kubishana na kijana wa yadi, nikaombwa radhi kwa upole ulioniumiza kuliko matusi.

Na jambo ambalo halina gharama: nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, ana jambo anaficha. Injini baridi ndiyo inayosema kweli: moshi wa bluu, mlio wa cheni, gia inayochelewa kuingia.

Jipya je? Tulifika shoo rumu pia. Zero kilometa ina raha yake: waranti, hakuna historia ya mtu, unalala usingizi. Lakini hata huko jina linadanganya. Suzuki Grand Vitara ya zamani, ile iliyoanza 2005 ambayo Wajapani wanaiita Escudo, ilikuwa inavuta kote muda wote na ina gia ya chini ya kutokea kwenye matope. Ya 2022, iliyokuja sisi tukiwa tumeshanunua, inayoundwa India, ni gari jingine: jepesi, halili mafuta, zuri mjini, na gia ile ya chini haina. Toyota Rush ya shoo rumu ina siti saba na iko juu, lakini inavuta nyuma tu. Kwa bajeti yetu, jipya lilimaanisha gari dogo kuliko tunalohitaji. Kama mshahara wako unaruhusu na safari zako ni lami, nunua jipya, usinisikilize.

Kuna moja nimwonye mzazi wa safari fupi. Mazda CX-5 ya dizeli ni tamu kuendesha na ina giaboksi ya kawaida ya gia sita. Lakini ina chujio la masizi kwenye egzosi, ambalo linahitaji safari ndefu yenye moto ili lijichome lijisafishe. Ukiipeleka shule kilomita tatu na kurudi, kila siku, chujio linaziba. Kwa maisha hayo chukua ya petroli.

Tangu 2019 Forester imetupandisha Lushoto kila Desemba. Kwenye foleni inakula lita kwa kilomita nane, safarini kumi na moja. Kanuni yake moja ngumu ni matairi: yanabadilishwa yote manne kwa pamoja, aina moja, maana tairi moja lenye kimo tofauti linaitesa sehemu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Nimemkatalia fundi wa pancha mara mbili tairi la "kusaidia tu".

Sasa mtoto mkubwa ana miguu kama twiga na baba watoto ameanza tena habari za siti saba. Safari hii anataka Nissan X-Trail ya toleo la tatu, iliyoanza mwishoni mwa 2013, kwa kuwa yapo yenye siti saba. Nimemkumbusha kuwa ni CVT. Amenikumbusha kuwa sasa najua kumwaga mafuta yake. Kuna moja ya 2018 Kinondoni, Jumamosi tunakwenda kuliona, na muuzaji nimeshamwambia asiliwashe.