Gesi Itaisha Lini? Mlinganyo Wake na Grafu Yake

Wanafunzi wengi huchora y = 3x + 2 bila kukosea, lakini waulize mtungi wa gesi wa jikoni kwao utaisha tarehe ngapi, wanakwama. Hesabu yenyewe si ngumu. Kinachowashinda ni kulisema jambo la nyumbani kwa maneno kwanza, kisha kuyageuza maneno hayo kuwa mlinganyo. Tuuchukue mtungi huohuo.

Mtungi wa kilo 6 una kilo 6 za gesi tu. Chuma kina uzito wake, nao umeandikwa sehemu ya juu karibu na vali, mara nyingi kando ya herufi TW au neno TARE. Tuseme ni 7.2. Ukiwa umejaa, mizani itasoma 13.2.

Pima siku unapoanza kuutumia, kisha pika kama kawaida. Baada ya siku 8, saa ileile, pima tena. Tuseme umepata 11.6. Usikimbilie herufi. Sema kwanza: "Ulianza na kilo 13.2, na kila siku unapungua kiasi fulani." Kiasi hicho ndicho mteremko: (11.6 − 13.2) ÷ 8 = −0.2, yaani kilo 0.2 zinatoka kila siku. Basi, x ikiwa idadi ya siku na y uzito wa mtungi kwa kilo:

y = 13.2 − 0.2x

Ni ileile y = mx + c ya shuleni, ila sasa c ni uzito wa siku ya kwanza na m ni kilo kwa siku. Andika vipimo hivi kila mara. Kilo kwa siku ukizizidisha kwa siku unabaki na kilo, na kilo ndizo zinazotolewa kwenye 13.2.

Hapa ndipo wengi huteleza: wanaweka y = 0 na kupata siku 66. Lakini mtungi hauwi na uzito sifuri hata siku moja! Gesi huisha mizani ikisoma 7.2. Kwa hiyo 7.2 = 13.2 − 0.2x, ndipo 0.2x = 6, na x = 30.

Kuhesabu siku nako kuna mtego. Tarehe 1 hadi tarehe 9 Machi ni siku 8, si 9, kwa sababu siku ya kuanza ni siku 0. Ukigawanya kwa 9, mlinganyo utakuahidi gesi ya karibu siku 34, na zile nne za mwisho utazipikia mkaa. Angalia pia regileta: ukipima mara ya kwanza bila regileta na mara ya pili ukiwa nayo, mteremko wote unaharibika. Iondoe mara zote mbili, vali ikiwa imefungwa.

Grafu ichorwe kwenye karatasi ya milimita. Mhimili wa mlalo, sentimita 1 iwe siku 5. Wa wima, sentimita 1 iwe kilo 1, kuanzia 0 hadi 14. Weka nukta (0, 13.2) na (8, 11.6), kisha ya tatu kutoka kwenye mlinganyo, mfano (20, 9.2). Mbili zinatosha kuchora mstari, lakini ya tatu ndiyo inayokufichulia kosa: isipokaa kwenye rula, rudia hesabu. Halafu chora mstari wa mlalo kwenye y = 7.2. Mistari inapokutana, siku ya 30, mstari wa gesi ukome hapo.

Siku ya 15 pima tena. Mlinganyo unasema 10.2. Mizani ikisoma 9.5, nukta itakaa chini ya mstari: ama mapishi yameongezeka, ama gesi inavuja. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira na regileta, utazame kama yanatoa mapovu. Usijaribu kamwe kwa kiberiti. Kama ni mapishi tu, tafuta mteremko mpya: (9.5 − 11.6) ÷ 7 = −0.3. Zimebaki kilo 2.3 za gesi, siku 7 na ushee, kwa hiyo nunua mwingine kabla ya siku ya 22.

Mambo mengine hayakubali rula. Makato ya kutuma pesa kwa simu hupanda kwa viwango, kwa hiyo grafu yake ni ngazi.

Kulinganisha bei, kwa upande mwingine, kunafaa sana. Fundi mmoja wa kuchapa fulana anataka shilingi 30,000 za kuandaa skrini na 5,000 kwa kila fulana. Mwenzake anataka 6,500 kwa kila moja, basi. Chora y = 30,000 + 5,000x na y = 6,500x kwenye karatasi moja, kwa nukta, maana hakuna nusu fulana. Zinakutana kwenye fulana 20, shilingi 130,000. Ukiwa na 19, wa pili anakuokolea 1,500. Ukiwa na 21, wa kwanza.