Anza na Macho, Bunduki Itasubiri

Wiki hii nimepokea ujumbe wa kijana anayeanza easofti, mchezo wa timu kuwindana kwa bunduki za mfano zinazorusha goroli ndogo za plastiki: "Kaka, bunduki ya umeme nimeshapata. Sasa nataka mtutu wa ndani wa milimita 6.03, betri ya volti 11.1 na darubini. Nianze na kipi?" Sikumjibu palepale, maana jibu lake limebeba historia yangu, na najua wengi mnaosoma hapa mna hamu hiyohiyo: kupiga mbali, kupiga haraka, kuonekana mmekamilika. Mdogo wangu, weka vyote vitatu pembeni. Anza na miwani.

Kwenye timu yangu ya kwanza nilikuwa na miwani nzuri na bunduki ya kawaida kabisa, ya plastiki, ambayo wenzangu walikuwa wakiiita toi. Siku moja katikati ya mchezo joto na jasho vilileta ukungu kwenye lenzi, nikawa naona vivuli tu. Mwenzangu aliyelala kando yangu alikuwa na shida hiyohiyo. Akainyanyua miwani yake kidogo, akapitisha kidole kwa ndani, akairudisha. Mimi nikanyoosha mkono juu, nikatoa kitambaa chekundu, ishara kwamba sipo tena mchezoni, nikatoka hadi eneo salama kuifuta miwani. Nahodha alinifokea mbele ya watu wote kwamba nimewaachia upande wazi. Mchezo uliofuata jina langu halikuwemo kwenye orodha, wala hakuna aliyenieleza sababu. Simtaji, lakini yale maneno bado yananichoma. Na ningewekwa tena pale leo, ningetoka vilevile.

Wengi hawajui alama zilizoandikwa kwenye miwani zina maana gani. Kiwango cha Ulaya, EN 166, hupima lenzi kwa kuirushia goroli ya chuma ya milimita 6 yenye uzito wa gramu 0.86. Herufi F maana yake lenzi imehimili goroli hiyo ikiwa na kasi ya mita 45 kwa sekunde. Piga hesabu: hiyo ni kama jouli 0.87, jouli ikiwa kipimo cha nguvu ya pigo. Bunduki inayorusha goroli ya plastiki ya gramu 0.20 kwa mita 100 kwa sekunde inatoa jouli 1 kamili. Kwa hiyo miwani ya F, inayouzwa kwa mafundi na kuonekana imara kweli, imepimwa kwa nguvu iliyo chini ya ile ya bunduki ya kawaida ya uwanjani. Tafuta herufi B, iliyopimwa kwa mita 120 kwa sekunde, zaidi ya jouli 6. Kwa kiwango cha Marekani tafuta Z87+, yaani Z87 ikifuatiwa na alama ya kujumlisha. Kama hakuna maandishi yoyote kwenye lenzi wala fremu, usivae.

Miwani ya wavu wa chuma haishiki ukungu, ndiyo maana inapendwa. Lakini goroli hafifu ikigonga wavu hupasuka, na vipande vinapita kwenye matundu. Mimi siivai. Dawa ya ukungu ni lenzi yenye tabaka mbili au miwani yenye feni ndogo, na kutosugua upande wa ndani kwa kitambaa kikavu, maana unakwangua ile dawa iliyopakwa kiwandani. Chini ya miwani vaa kinga ya mdomo. Nimemwona mchezaji mwenzangu akiokota kipande cha jino lake kwenye majani. Bunduki yake ilikuwa ya kutamanisha kuliko zote uwanjani siku hiyo.

Baada ya kuachwa na ile timu nilikaa muda bila kucheza, nikawa nafungua na kufunga toi langu mezani. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba umbali hautoki kwenye mtutu wa gharama. Unatoka kwenye goroli na hopapu.

Hopapu ni kipande cha mpira kinachoingia juu ya goroli mwanzoni mwa mtutu. Goroli ikipita inakwaruzwa kwa juu na kutoka ikizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo unaifanya hewa iibebe juu. Wanafizikia wanauita athari ya Magnus. Ukiweka kidogo mno, goroli inaanguka mapema. Ukizidisha, inapanda mbinguni halafu inakufa. Namna ya kuiweka ni hii: chukua goroli zilezile utakazochezea, simama mahali jua liko nyuma yako, piga moja moja huku macho yako yakifuata goroli yenyewe hadi mwisho wa safari yake. Zungusha gurudumu la hopapu hatua ndogo, piga kadhaa, tazama tena. Unatafuta mstari ulionyooka muda mrefu na kunyanyuka kidogo sana karibu na mwisho. Ukibadilisha uzito wa goroli, anza upya.

Kuhusu uzito, achana na 0.20 ukiwa nje. Nguvu ileile ya jouli 1 inairusha goroli ya 0.28 kwa kasi ndogo zaidi, kama mita 84 au 85 kwa sekunde, lakini upepo hauisumbui sana na inatunza nguvu yake mbali. Nunua zilizosuguliwa vizuri, zenye kipenyo cha milimita 5.95, zisizo na mstari wa kiungo. Iviringishe moja kati ya vidole. Mstari ukiuhisi, usiitie kwenye bunduki. Zile zinazooza zenyewe ni nzuri kwa mazingira, ila zinakunywa unyevu, kwa hiyo funga mfuko wake vizuri.

Na sasa huo mtutu wa 6.03. Namba hiyo ni kipenyo cha tundu lake; mitutu mingi ya kiwandani ina karibu milimita 6.08. Tofauti hiyo ndogo inasaidia pale tu mtutu ukiwa safi na goroli zikiwa sawa. Ukitia goroli mbovu kwenye mtutu mwembamba zitakwama. Kabla ya kununua, safisha ulio nao. Legeza hopapu kabisa, vingirisha kitambaa laini kwenye fimbo ya kusafishia, pitisha polepole. Mara ya kwanza kitatoka cheusi, chenye utelezi wa mafuta ya kiwandani. Badilisha kitambaa, rudia mpaka kitoke jinsi kilivyoingia. Usipulizie silikoni ndani ya mtutu, maana ikifika kwenye mpira wa hopapu goroli itateleza badala ya kuzunguka.

Kwa toi hilohilo, mtutu wake wa asili na goroli za 0.28, mchezo uliopita niliilinda njia ya bonde peke yangu mpaka kipenga cha mwisho. Wawili wa timu yangu ya zamani walitolewa na mimi, na baadaye walikuja mezani kwangu na bunduki zao ili niwawekee hopapu. Niliwawekea. Siwezi kuficha kwamba nilifurahi.

Betri sasa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Betri ya lipo (lithiamu polima) ya volti 7.4 ina seli mbili, ya 11.1 ina tatu. Volti ya juu inaongeza kasi ya kufyatua, lakini pia cheche kwenye viungio vya triga, na giaboksi (sanduku la gia) isiyo na mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki inayobeba umeme wa mota badala ya triga, itaunguza viungio hivyo. Tangu Tokyo Marui walipotoa FA-MAS ya umeme mwaka 1991, bunduki hizi ni mota, gia, springi na pistoni. Ukizikimbiza kuliko zilivyoundwa, meno ya pistoni yanakatika. Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, na kaa karibu nayo. Seli iliyojaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3.0, na ukiihifadhi iache karibu na 3.8. Betri iliyovimba haichajiwi tena hata kama jana ilifanya kazi vizuri.

Mtaani bunduki hizi hazitofautiani na za kweli. Isafirishe ndani ya begi lililofungwa, magazini imetolewa, betri imechomolewa. Jua sheria ya nchi yako kabla ya kununua chochote. Vijana wenzangu, msitoe bunduki barabarani kupiga picha. Askari hana namna ya kujua.

Buti, glavu na mkanda, chochote kinachokukaa vizuri kitafaa. Darubini isubiri hadi goroli zako ziende unakotazama.

Kwa hiyo kijana wangu, agiza miwani ya B na kinga ya mdomo, safisha mtutu ulio nao, kisha omba waamuzi wa uwanja wakupimie kasi kwa goroli za 0.28. Niandikie umepata jouli ngapi, ndipo tuzungumze betri.