Jibu: Tunagombana kila jioni tangu kazi zibane

Ndugu, umeuliza wewe na mwenzi wako mfanyeje ugomvi unapowaka kila jioni. Pumzikeni, ila kwa utaratibu. Moyo ukianza kwenda mbio, mwambie: "Nahitaji dakika 30, nitarudi tumalize." Taja muda, ukiondoka kimya ataona umemtupa, na hapo ndipo wengi huharibu. Mwili huhitaji kama dakika 20 kutulia, mradi usizitumie kupanga majibu kichwani, maana hasira haitashuka. Tembea, au vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6. Kisha rudi kweli! Anza na "nimeelemewa", si "wewe kila siku". Huzuni au kukosa usingizi kukifika wiki 2, muone daktari au mshauri nasaha. Kukiwa na kipigo au vitisho, tafuta usalama kwanza.