Unataka kutengeneza Spitfire? Chagua kwanza ni ipi

Mtu akinunua boksi lake la kwanza la modeli ya plastiki ya ndege ya vita swali linakuja lilelile, ninunue rangi gani? Na mi huwa najibu kwa swali, ndege ipi na ya mwezi gani? Hapo anakukodolea macho, si Spitfire bana, imeandikwa hapo kwenye boksi. Sawa imeandikwa, ila Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza, zilitengenezwa zaidi ya 20,000, ya kwanza iliruka Machi 1936 na kiwanda kikaendelea kuzitoa mpaka 1948, na katikati ya hiyo miaka injini ilibadilika, propela ikabadilika, mabawa yakabadilika, rangi ndo usiseme. Usipochagua utajikuta una bawa la 1940, rangi ya 1942 na mistari ya 1944 kwenye ndege moja, na anayezijua akiiona atacheka kimoyomoyo tu akunyamazie.

Kwahiyo ushauri wangu mkubwa ni huo na mengine yote yanaufuata: tafuta picha ya ndege moja halisi, yenye herufi zake na namba zake, alafu tengeneza hiyo. Natumia Spitfire kwenye maelezo kwa sababu ndo nazitengeneza sana, ila ukiwa na ndege nyingine ya vita, Messerschmitt au Mustang au Zero, mambo ni yaleyale.

Chukua vile vita vya anga juu ya Uingereza, Julai mpaka Oktoba 1940. Spitfire Mk I (Mk ni toleo, namba ni la ngapi) ya wakati huo juu ina kahawia na kijani, Dark Earth na Dark Green, na chini ni Sky, rangi ya kijani iliyopauka sana ambayo watu wengi wanaipaka bluu kisa jina. Sasa rudi nyuma kidogo tu, Mei 1940, siku za Dunkirk, wanajeshi walipookolewa pwani ya Ufaransa, chini ya ndege hiyohiyo bawa la kushoto ni jeusi na la kulia ni jeupe, maana Sky iliingia Juni. Nenda mbele mpaka mwisho wa Novemba, bawa la kushoto likarudishwa kuwa jeusi kwa chini na ukaongezwa mkanda wa Sky kuzunguka mwili karibu na mkia, na pua ya propela nayo ikapakwa Sky. Agosti 1941 kahawia ikaondoka kabisa, ikaja Ocean Grey, chini ikawa Medium Sea Grey, zote mbili kijivu, na kwenye kingo za mbele za mabawa wakachora mstari wa njano. Mwaka mmoja na miezi kadhaa, mipango minne ya rangi. Ndo maana nauliza mwezi.

Na sio rangi peke yake, igeuze chini juu uangalie. Mk I, II na V zina boksi kubwa la rejeta chini ya bawa la kulia tu, upande wa kushoto kuna kakitu kadogo cha kupoza oili. Mk IX ina maboksi makubwa pande zote mbili na propela yake ina mapanga manne badala ya matatu. Ukipenda ndege ya rubani Mwingereza Johnnie Johnson ya 1943, ile EN398 yenye herufi JE-J (viongozi wa ngazi yake waliruhusiwa kutumia herufi za majina yao wenyewe, na yeye aliitwa James Edgar Johnson), hiyo ni Mk IX, usije ukailazimisha kwenye boksi la Mk V kwa sababu eti dekali (stika za herufi na alama) zinatosha. Dekali zitatosha, ndege itakuwa ya uongo.

Saizi nitapita haraka. Spitfire ya kawaida ilikuwa na mita 11.23 kutoka ncha ya bawa mpaka ncha, kwahiyo kwenye kipimo cha 1/72, yaani modeli ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, unapata kama sentimita 15.6, kwenye 1/48 ni 23.4, kwenye 1/32 inafika 35 na hapo uwe na kabati. Anayeanza mi namshauri 1/48, vitu vinashikika na macho hayaumii. Ingawa 1/72 ina heshima yake ya kihistoria, mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba wanafunzi mashuleni wachonge ndege za mbao za kipimo hicho ili wanajeshi wajifunze kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui, yaani hobi yetu hii ilishawahi kuwa kazi ya vita.

Haya tukate plastiki. Kabla ya yote osha fremu zote zilizoshika vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kuna mafuta ya kiwandani yanabaki juu yake na rangi haiyapendi. Kila kipande ukikate mara mbili, kwanza mbali na kipande chenyewe, alafu ile nundu iliyobaki uipunguze kwa wembe na umalizie na msasa laini. Ukikata mara moja kwa haraka plastiki inajing'oa na kuacha shimo jeupe ambalo utalizibia baadaye huku ukijilaumu. Na kabla ya gundi jaribu vipande vikavu, kila mara, hata kama maelekezo yanaonyesha ni rahisi.

Kwenye gundi watu wanachanganya sana. Gundi ya plastiki haibandiki, inayeyusha, pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Kwahiyo ile nzito ya tyubu iache, tafuta ya maji yenye brashi kwenye kifuniko. Shika nusu mbili za mwili wa ndege zikiwa zimekutana, gusisha brashi kwenye mshono sehemu moja tu, utaiona gundi inakimbia yenyewe ndani ya ule mstari. Subiri sekunde chache alafu bana taratibu kwa vidole mpaka utoke uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka juu ya mshono. Usiufute! Uache mpaka kesho ukauke ukawe mgumu, alafu ukwangue kwa wembe ulioulaza na upige msasa, mshono unapotea bila pati hata chembe. Hii mbinu peke yake imenipunguzia kazi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua. Supaglu iwe ya vyuma na resini tu, na isikaribie kioo cha rubani kabisa, mvuke wake unakiacha na ukungu mweupe. Kioo bandika na gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Chumba cha rubani kinakuja kabla ya kufunga mwili. Rangi yake ni kijani chenye ujivu, paka, pitisha weusi mwembamba kwenye kona, weka mikanda ya kiti, basi. Watu wanakaa wiki nzima humo ndani na ukishafunga unaona kiti, mikanda na juu ya dashibodi. Ukitaka kazi yako ionekane acha ule mlango mdogo wazi, na upo upande wa kushoto tu.

Ukishabandika mabawa iweke ndege mbele yako uiangalie usawa wa macho kutokea puani. Mabawa ya Spitfire yananyanyuka kidogo kwenda juu kuelekea ncha na lazima yanyanyuke sawa, upande mmoja ukilala kidogo tu hakuna rangi itakayoficha. Kama hayako sawa nyoosha wakati gundi bado haijashika, funga tepu kutoka ncha mpaka ncha ikipita juu, vuta mpaka yasimame vizuri, acha ilale hivyo.

Alafu praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu. Praima ni mbea, kila mkwaruzo na kila pengo ulilodhani limeziba atalisema hadharani, kwahiyo msikilize, rudi kwenye msasa, piga tena. Wanaoruka hatua hii ndo haohao wanaokuja kulalamika kwamba rangi ni mbaya.

Rangi sasa. Ubaya mkubwa ninaouona kwenye kazi za watu ni rangi nzito, ndege inaonekana imevaa sweta. Ongeza thina ya rangi hiyohiyo, akriliki na thina yake, enameli na thina yake, koroga alafu pandisha rangi kidogo kwenye ukuta wa kikombe: ikishuka haraka na kuacha utando unaopitisha mwanga iko tayari, ikining'inia bado nzito, ikishuka yote ukuta ukabaki mtupu umezidisha. Wa ebrashi (kile kifaa cha kupulizia rangi) presha ya 15 mpaka 20 psi inatosha, sogea karibu, piga tabaka jembamba, subiri, piga tena. Wa brashi ya mkono msijione wanyonge, brashi pana laini, tabaka la kwanza litakuwa na mabaka na litakutia kichefuchefu, liache likauke kabisa, la pili pitisha kwa mwelekeo mwingine, la tatu utashangaa. Kinachoharibu ni kurudiarudia sehemu ambayo imeanza kukauka.

Anza na rangi nyepesi, Sky chini, funika kwa tepu, kisha kahawia juu yote, kisha kijani. Kuhusu mpaka wa kahawia na kijani kuna ubishi usioisha, wengine wanataka ufifie sana. Piga hesabu, mpaka uliofifia sentimita 5 kwenye ndege halisi unakuwa milimita 1 tu kwenye 1/48, kwahiyo ukiona modeli ina ukungu wa nusu sentimita ujue kwenye ndege halisi hiyo ingekuwa karibu sentimita 24, haiwezekani. Mpaka mkali wa brashi uko karibu na ukweli kuliko huo ukungu. Kingine, ongeza matone machache ya nyeupe au kijivu kwenye kila rangi, kitu kidogo kikiwa na rangi kamili ya ndege kubwa macho yanakiona cheusi mno.

Kabla ya dekali piga vanishi ya kung'aa. Rangi isiyong'aa uso wake una vishimo, hewa inabaki chini ya dekali na inakuja kuonekana na wekundu wake mzuri lakini pembeni inametameta kifedha. Chovya kwenye maji ya uvuguvugu, toa, iache kwenye karatasi yake mpaka iteleze yenyewe, usiivute. Isukume kwa brashi yenye maji mpaka mahali pake, kausha kwa ncha ya kitambaa, alafu pakaa dawa ya kulainisha. Hapo itajikunja mikunjo ya kutisha. Usiguse. Nenda kafanye mengine, ukirudi imejinyoosha na imelala ndani ya kila mstari wa paneli, ila ukiigusa ikiwa imelegea imechanika hiyo.

Uchafu ndo sehemu watu wanapenda kuliko zote na ndo hapo ndege ya siku fulani inapokuwa ya siku zote. Mk I ya kawaida ilikuwa na bunduki nane za Browning kwenye mabawa, na matundu yake yalifunikwa kwa viraka vya kitambaa vyekundu ili vumbi na baridi visiingie. Wakifyatua, risasi zinatoboa viraka na moshi unaacha weusi nyuma yake chini ya bawa. Sasa we unaweka viraka vyekundu vizima vinang'aa, na chini yake weusi wa baruti mpaka nyuma ya bawa, imepigaje hiyo? Chagua, inasubiri kupaa au imerudi. Rangi iliyochubuka iwe zaidi kwenye shina la bawa la kushoto, rubani anapanda kwa upande huo, na hata hapo ndege nyingi za 1940 hazikuishi muda mrefu kiasi cha kuchakaa sana. Moshi wa ekzosi pitisha kijivu na kahawia kurudi nyuma pande zote mbili, kidogokidogo. Kwenye mistari ya paneli tumia kahawia iliyokolea, nyeusi tupu inafanya ndege ionekane imechorwa kwa kalamu.

Ukichagua 1944 yenye ile mistari mitano ya nyeupe na nyeusi ya kutua Normandy, Ufaransa, kila mstari kwa ndege ya injini moja ulikuwa inchi 18, yaani milimita 9.5 kwenye 1/48 na kama 6.4 kwenye 1/72. Mingi ilipakwa kwa brashi na haraka siku chache za mwanzo wa Juni, kwahiyo mi huwa naichora kwa mkono na kuiacha ipinde kidogo, na inapendeza zaidi. Ila angalia tarehe ya picha yako tena, maana Julai walishaamriwa kuifuta juu ya mabawa na juu ya mwili, inabaki ya chini tu.

Vanishi ya mwisho isiyong'aa, kisha ndo utoe tepu uliyofunikia kioo kabla ya praima, taratibu, kwa kijiti cha mbao na sio kibano cha chuma. Kama ndege yako ilikuwa na waya wa antena, chukua kipande cha fremu iliyobaki, kipashe moto juu ya mshumaa bila kugusa mwali mpaka kilegee, kitoe pembeni ndo uvute, utapata uzi mwembamba kuliko unywele. Bandika kwa tone la gundi nyeupe mlingotini na kwenye mkia, ukilegea usogezee kijiti cha ubani chenye moto kwa mbali utajikaza. Propela usiigundishe, ichomeke tu, siku ya kuhama nyumba utaichomoa na kuifunga peke yake.