Mgeni Wako Mpeleke Unapokula Wewe

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, wakwe zangu wanakuja Unguja kutoka Tanga. Niwapeleke kula wapi mjini nisiaibike?" Neno hilo la aibu limenirudisha nyuma miaka kumi.

Mwaka ule mashemeji zangu watatu walivuka kwa boti kutoka Dar, mara yao ya kwanza kuja kwangu tangu harusi. Nilitaka wajue dada yao kapata mume. Nikawapeleka mkahawa mmoja wa ufukweni, jina nalihifadhi: vitambaa vyeupe mezani, mishumaa, upepo wa bahari. Tukaagiza samaki aina ya changu, tukangoja saa nzima na ushei. Kilichokuja ni kipande cha samaki kama kiganja cha mtoto, na wali uliopinduliwa kutoka kwenye kikombe, umesimama peke yake katikati ya sahani, hata nazi hauna. Shemeji mkubwa akautazama kwa muda, akasema, "Tutakula nyumbani." Nililipa karibu nusu ya mshahara wangu. Saa nne usiku mke wangu yuko jikoni anawakaangia kaka zake mayai, na mimi hanisemeshi. Maneno yale mawili yananichoma mpaka leo.

Kosa langu lilikuwa kuchagua viti badala ya chakula. Mji wetu huu kila chakula kina saa yake na mahali pake, na mwenyeji anayajua hayo bila kufundishwa. Mchana mimi nakwenda mtaa wa Mkunazini, pale mkahawa wa Lukmaan. Vyakula viko mbele yako, unanyoosha kidole tu: wali wa nazi, pweza, mchuzi wa samaki. Unaona unachokula kabla hujakilipia.

Alasiri ni ya urojo, na hapa sina mjadala na mtu. Mwezi uliopita shemeji yule yule alikuja na mwanawe, nikawaketisha kwenye benchi la mama mmoja mtaani kwetu. Mama akateka upawa wa rojo la manjano, lina uchachu wa embe mbichi, akatia viazi, bhajia, kachori, akachomoa nyama kwenye kijiti cha mshikaki, akamwagia chatini ya nazi na pilipili, mwisho kabisa chipsi za muhogo zikiwa bado zinalia. Shemeji alikunywa mpaka pua ikatoka jasho. Akainua bakuli, akamwambia mama, "Ongeza." Wallahi nilijisikia kama niliyelipwa deni.

Usiku watu wote watakwambia Forodhani, ile bustani iliyo kando ya bahari. Nenda, mahali ni pazuri: Ngome Kongwe nyuma yako, vijana wanapiga makachu, wanajirusha baharini kwa mbwembwe jua likizama. Lakini ule kinachopikwa ukikiona. Mantabali, chapati nyembamba ya kutiwa nyama na yai ambayo wageni wanaiita piza, inakunjwa na kukaangwa mbele yako. Maji ya miwa yanakamuliwa hapo hapo na tangawizi na ndimu. Ile mishikaki ya samaki iliyopangwa mezani tangu magharibi ikingoja kupashwa moto, mimi siigusi. Na uliza bei kabla hujasema ndiyo, maana ukishatafuna huna tena la kujadili. Tukitaka mishikaki ya ng'ombe, sisi tunaishia Darajani.

Vijana wenzangu, acheni kununua heshima kwa mishumaa. Mkwe hahesabu uma na visu. Anatazama kama umemjali, kama unamjua mtu anayepika, kama mpishi anakuita kwa jina lako. Heshima hiyo haiuzwi ufukweni. Na kama ni Ramadhani, mchana usihangaike naye kabisa. Mngojee magharibi, mfuturu pamoja.

Sasa wewe mwenye wakwe wa Tanga. Watu wa Tanga wali wa nazi na samaki wameanza kula kabla yako, usiwatambie kwa hivyo. Anza na urojo. Ikiwa mama mkwe ni mtu mzima hawezi kukaa kwenye benchi la njiani, beba hotipoti yako ya nyumbani ukatiliwe rojo humo, na umwombe mama muuzaji akufungie chipsi za muhogo mbali. Zitie wewe mwenyewe, bakuli likiwa tayari limefika mbele ya mkweo.